Sista, umenipima presha. Sasa niulize ninalalaje

Ingia kituo chochote cha afya kati ya Busia na Malaba Jumatatu asubuhi. Utapimwa joto, utapimwa presha, utapanda mizani, na ukisema kichwa kinakuuma utatobolewa kidole uangaliwe malaria. Yote ni sawa, sina ubaya nayo. Lakini kuna swali moja dogo ambalo mimi, kwa miaka yote ya kukalia hayo mabenchi, nimelisikia mara moja tu: "Unalala vipi siku hizi?"

Swali hilo halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji mtu aliyefunzwa kuliuliza, akanyamaza kusubiri jibu, na akajua afanye nini jibu likija na machozi. Mtu huyo, kwa hapa kwetu, ni muuguzi. Daktari utamwona dakika tatu ukibahatika. Sista ndiye anayekupokea, ndiye anayekuchoma sindano, ndiye anayekuamsha usiku umeze dawa.

Kwa hivyo niseme bila kuzungukazunguka: muuguzi mwanafunzi asifunzwe afya ya akili kama kipindi cha kupita, kisha arudi kwa "uuguzi wenyewe". Afunzwe katika kila wodi na kila kliniki anayopitia, kwa kila rika, kuanzia mama mjamzito hadi mzee anayesahau njia ya kurudi kwake. Na hakuna mahali pazuri pa kuanzia kama huku mpakani.

Kwani tatizo ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilichapisha ripoti kuhusu hali ya afya ya akili nchini. Ilikadiria kwamba hadi asilimia 25 ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya waliolazwa, wana tatizo la afya ya akili. Yaani kwenye benchi la watu 20, watano wanaweza kuwa nalo. Na wengi wao hawakuja kwa sababu ya akili. Walikuja kwa sababu ya tumbo, mgongo, kichwa, au moyo unaodunda ovyo.

Tusidanganyane, somo lipo. Mtaala wa wauguzi wetu una sehemu ya afya ya akili, na kuna hata wauguzi wanaosomea fani hiyo pekee. Shida ni pale mwanafunzi wa kawaida anapolikutania. Nina rafiki anayesomea diploma ya uuguzi, chuo chake sitakitaja. Aliniambia walipelekwa wodi ya magonjwa ya akili kwa wiki chache. Siku ya kwanza walionyeshwa lango, funguo, na namna ya kusimama mgonjwa akikasirika. Alitoka huko akijua majina ya dawa na akiwa na woga kidogo. Kisha akapangiwa wodi ya wazazi, na hakuna aliyemwambia kwamba yale aliyosoma kule yanatumika hapa pia.

Huko ni kumfunza mtu habari za moto kwa kumpeleka kuona nyumba iliyokwisha kuteketea. Anajua majivu yanafananaje. Moshi wa kwanza hajawahi kuonyeshwa.

Mtindo huu haukuanza jana. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwatenga waliosemekana kuwa vichaa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, bado kichwani mwetu afya ya akili ni jambo la lango na kufuli, na la safari ndefu ya kwenda Nairobi.

Sasa twende na mtu mmoja mmoja, kwa umri, hapa hapa kwetu.

Anza na kliniki ya mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya mama waliojifungua duniani hupata tatizo la akili, hasa dipresheni, na kwamba katika nchi zinazoendelea viwango viko juu zaidi. Mfikirie mama wa mtaa wa Marachi anayevuka kila siku kuuza nyanya upande wa Uganda. Amejifungua, na baada ya wiki tatu amerudi sokoni kwa sababu mtaji unaliwa. Mtoto analia, maziwa hayatoshi, na yeye amekuwa mkavu, hacheki wala halii. Anafika kliniki. Mtoto anapimwa uzani, anachanjwa, kijitabu kinajazwa vizuri kabisa. Mama mwenyewe haulizwi anavyojisikia. Ilhali tangu 1987 kuna orodha ya maswali 10 yenye jina la mji wa Edinburgh, iliyotengenezwa mahsusi kwa mama aliyejifungua. Dakika chache tu. Mwanafunzi anayefunzwa kushika mizani anaweza kufunzwa kuyauliza maswali hayo papo hapo, mtoto akiwa bado kwenye mizani.

Mtoto huyo akikua, anaingia shule. WHO inasema mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa mpakani ongeza mambo yetu: mtoto anayekosa darasa siku za soko ili abebe mzigo kwenye njia za panya, msichana anayepewa lifti na zawadi na watu wazima wapita njia, kijana anayeonja pombe ya bei rahisi kabla hajafika kidato cha pili. Wauguzi wanafunzi huenda shuleni kutoa dawa za minyoo na kufunza kunawa mikono. Safi. Lakini wakiwa huko, nani amewafunza kumtambua mtoto aliyeacha ghafla kucheza na wenzake?

Halafu kuna sisi. Neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli, waendeshaji wakiita abiria wa kuvuka boda. Leo ni pikipiki, na nyingi ni za mkopo. Msee akianguka na kuvunjika mguu, analazwa wiki sita. Muuguzi mwanafunzi anafunzwa kusafisha kidonda na kugeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala. Hafunzwi kwamba mtu huyu aliyenyamaza kitandani anahesabu madeni, pikipiki inachukuliwa, mke ameanza kuongea na simu nje. Ikifika wiki ya nne amegeukia ukuta, faili linaandikwa "anaendelea vizuri".

Wacha niseme yangu kidogo, kisha niyaache. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kabla ya kuacha, muhula mzima nilikuwa naamka saa tisa usiku na kukodolea dari macho hadi kuche. Nilienda kutibiwa mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa ni malaria, ya pili taifodi, ya tatu vidonda vya tumbo. Dawa zote nilimeza. Ile mara ya tatu, kulikuwa na muuguzi mwanafunzi, bado ana kile kitabu chake cha kutiwa sahihi. Alinipima presha, akaniangalia, akasema, "Unalala vipi siku hizi?" Nilifungua mdomo. Kabla sijajibu mkubwa wake akamwita, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Hakurudi. Simlaumu yeye wala mkubwa wake. Lakini najua hivi: uwezo alikuwa nao, na hakukuwa na mstari kwenye kile kitabu chake wa kutiwa sahihi kwa swali hilo.

Tuendelee. Malaba ni malori. Ukitoka Kamuriai kwenda mpakani utapita trela moja baada ya nyingine, utingo amelala chini ya tela, dereva anapika kando ya gurudumu. Mnakumbuka Mei 2020, wakati wa korona, foleni ilipofika makumi ya kilomita na madereva wakanyooshewa vidole kwamba ndio wanaoleta ugonjwa? Hawa ni watu wazima wanaokaa wiki kadhaa mbali na familia, wanaoona ajali mbaya barabarani na kesho yake wanashika usukani. Wakiingia zahanati, wanapimwa virusi na wanapewa kondomu. Mtu anayeruka kitandani kila akisikia breki za lori lingine haonekani kwenye fomu yoyote.

Mwisho, wazee wetu. Hapa ndipo kutojua kunapoua watu. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Sisemi walikuwa wagonjwa wa akili. Nasema kwamba katika jamii ambayo bibi akizurura usiku, akiongea peke yake au akiingia boma lisilo lake huitwa mchawi, ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni unaweza kuwa hukumu ya kifo. Muuguzi wa zahanati anayemjua bibi huyo kwa sababu ya presha yake ndiye anayeweza kuketi na familia na kusema, "Huu ni ugonjwa wa ubongo, una jina, na hivi ndivyo mtakavyomtunza." Lakini lazima kwanza yeye mwenyewe awe amefunzwa kuutambua.

Kuna jambo la lugha ambalo halipati nafasi kwenye mitihani. Muuguzi anaweza kutoka Murang'a au Kitui na kuletwa Teso Kaskazini. Akimuuliza bibi wa Kiteso kama ana dipresheni, atapata tabasamu na kimya. Hata kwa Kiswahili tuna "kichaa" na "wazimu" upande mmoja, na "stresi" upande mwingine, katikati hapo watu wanajieleza kwa mwili: nawaza sana, kichwa kimejaa, moyo unakimbia, nimechoka na sijafanya kazi. Huku mpakani maneno hayo yako kwa Kiteso, Kikhayo, Kimarachi, Kisamia, Kijaluo na hata Kiganda. Mwanafunzi apewe kazi ya kuyakusanya kutoka kwa wagonjwa wenyewe na ipewe alama.

Zimbabwe walianza hivyo hivyo, na neno. Kwa Kishona wana "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafunza kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida moja baada ya nyingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa, kama bibi wa mtaa anaweza kufunzwa hayo, kijana anayekaa chuoni miaka kadhaa anashindwaje?

Na kuna mpaka wenyewe. Kutoka Busia hadi Mathari ni zaidi ya kilomita 400. Hospitali kuu ya akili ya Uganda, Butabika, iliyojengwa 1955, iko Kampala, takriban kilomita 200. Watu wetu wanavuka kununua unga, kuzika, kuoa na kutibiwa. Mtu anaanzishiwa dawa upande ule, zinaisha akiwa upande huu, na karatasi aliyonayo haimwambii sista wa Kenya chochote, kwa sababu hakuna aliyemfunza kuisoma. Dawa za akili si Panadol. Ukiziacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Mwanafunzi wa huku anapaswa kujua kuandika barua ya rufaa ambayo mwenzake wa Tororo ataielewa, na kumuuliza kila mgonjwa: dawa umechukua wapi, na zitakapoisha utakuwa wapi?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: wauguzi wamezidiwa, mnawaongezea tena? Ni kweli wamezidiwa. Lakini mgonjwa aliyetibiwa malaria ambayo hakuwa nayo anarudi mara tatu, kama nilivyorudi mimi. Hiyo si kuokoa muda. La pili ni zito zaidi: kuna faida gani kumuuliza mtu kama ana mawazo ya kujidhuru wakati hakuna pa kumpeleka? Hili nalikubali nusu. Kuuliza bila kujua hatua inayofuata ni kumfungua mtu kidonda na kumwacha. Ndiyo maana nasema kufunzwa, sio kupewa fomu. Tangu 2010 WHO ina mwongozo ulioandikwa kwa wahudumu wasio wataalamu wa akili, unaowaonyesha hatua kwa hatua la kusema, dawa ipi ianzwe, na nani apewe rufaa haraka. Wengi hawahitaji kwenda Nairobi. Wanahitaji kusikilizwa vizuri, mpango, na tarehe ya kurudi.

Na sheria imeshasogea. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho na kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyao. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi wa uuguzi. Mtu aliyeletwa usiku baada ya kujaribu kujitoa uhai alikuwa akisubiriwa na polisi. Sasa anasubiriwa na sista. Je, sista huyo amefunzwa aseme nini akizinduka?

Kama unadhani haiwezekani kubadilisha fikra za watu kuhusu ugonjwa unaoogopwa, panda matatu ya Busia kwenda Malaba ushuke Alupe. Leo pana chuo kikuu pale. Zamani jina hilo lilimaanisha hospitali ya ukoma. Wagonjwa walitengwa na watu waliogopa hata kushika walichoshika. Kisha zikaja dawa, na wahudumu wa kawaida wakafunzwa kuutambua ugonjwa kwenye ngozi ya mtu mapema, kabla vidole havijaharibika. Siku hizi mgonjwa wa ukoma anameza vidonge akiwa kwake. Afya ya akili inaweza kupita barabara hiyo hiyo.

Kwa hivyo ombi langu si la semina nyingine ya hotelini. Kwanza, Baraza la Wauguzi na vyuo, ikiwemo KMTC yenye kampasi hapa Busia, viweke afya ya akili kwenye kile kitabu cha kutiwa sahihi, katika kila wodi: mama watano waulizwe maswali yale 10, wagonjwa watatu wa mifupa waketiwe na kusikilizwa, mzee mmoja atembelewe nyumbani. Kisichotahiniwa hakisomwi, sisi sote tumepitia shule tunajua. Pili, kaunti iweke katika hospitali zake wauguzi waliobobea katika afya ya akili ambao kazi yao ni kusimama na wanafunzi kwenye wodi za kawaida, sio nyuma ya lango. Tatu, wanafunzi wenyewe wapewe mtu wa kuongea naye. Kijana wa miaka 20 akimpoteza mtoto mikononi usiku, asubuhi anaambiwa akaandike ripoti. Ukimfunza kwamba maumivu yake hayahesabiki, usitegemee ahesabu ya wengine.

Na wewe unayesoma hii usiku huku umeshindwa kulala: usisubiri mtaala ubadilike. Ukienda kliniki kwa sababu ya kichwa, sema na usingizi. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, na kuna mtu wa kukusikiliza.

Muuguzi anayeingia chuoni leo akiwa na miaka 21 atafanya kazi karibu miaka 40. Akibaki kituo kimoja pale Malaba, mtoto anayempima uzani wiki hii atamwona tena akiwa mwanafunzi wa shule, akiwa utingo, akiwa baba, na siku moja akimleta mama yake aliyeanza kusahau majina. Maisha yote ya mtu mmoja, mbele ya sista mmoja. Ingefaa awe amefunzwa kuyaona.